Jinsi tulivyorekodi albamu ya roki hapa Mwanza

Albamu yetu ya kwanza imetoka, na tangu itoke vijana wenye magitaa wananiuliza swali moja: mlirekodia wapi? Wanauliza kwa sababu hali wanaijua. Studio nyingi za hapa mjini zimejengwa kwa ajili ya Bongo Fleva na Injili: kompyuta, spika mbili, na kijichumba cha kuimbia ambacho akiingia mmoja, wa pili anabaki mlangoni. Kwa kazi yake ni studio nzuri. Bendi yenye dramu haienei.

Tulishauriwa turekodi chombo kimoja kimoja kwa zamu, na dramu zitengenezwe kwenye kompyuta. Wengi wanafanya hivyo na kazi zao zinasikika safi. Mimi nilikataa, na hadi leo msimamo wangu ni uleule. Muziki wetu unategemea kusikilizana. Mpiga dramu wetu amekulia Kisesa, jirani na Bujora, ambako kila Juni kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kucheza mpaka vumbi linatanda uwanjani. Mkono wake una mwendo wa ngoma zile: tukikaribia kiitikio anavuta kidogo, halafu anaachia. Ukimfunga kwenye mdundo wa kompyuta, hiyo ladha inapotea, na mimi bila hiyo ladha sioni sababu ya kuwa na bendi. Tukakubaliana: vyombo vyote vinapigwa pamoja, ukumbi mmoja, sauti ya kuimba ndiyo inaingia baadaye.

Ukumbi tuliupata kanisani, Nyakato. Mpiga besi na mpiga rizimu wetu walijifunzia vyombo kwenye kwaya ya pale, kwa hiyo mlango ulikuwepo, ila ilibidi mtu aende kubisha. Nikaenda kwa mzee wa kanisa.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nasikia mnataka ukumbi. Hizo nyimbo zenu hazina matusi?”

“Hazina, mzee. Mashairi yote nimekuja nayo, usome mwenyewe.”

Akavaa miwani, akasoma ukurasa kwa ukurasa bila kuinua kichwa. Wimbo wa wachuuzi wa dagaa wa Mwaloni, soko letu la samaki, akaurudia. Mwisho akasema tuutumie ukumbi usiku, kwaya ikishamaliza mazoezi, mradi asubuhi akute viti vimepangwa. Namshukuru sana mzee yule. Bila yeye tungekuwa bado tunazungumzia albamu vijiweni.

Sasa ukumbi wenyewe: sakafu ya saruji, kuta tupu, paa la bati. Ukipiga kofi, linakurudia. Fundi mitambo akatuagiza tulete magodoro, mablanketi na mikeka, tukaegemeza magodoro ukutani nyuma ya dramu. Amplifaya ya gitaa la solo tukaifungia kwenye ofisi ya kwaya, mpigaji akabaki na sisi ukumbini, anajisikia kwa hedifoni. Hivyo gitaa halikuvuja kwenye maiki za dramu, na bado tulikuwa tunaonana macho.

Maiki za dramu zilikuwa nne tu. Moja kwenye kiki (dramu kubwa ya mguu), moja kwenye snea (ile ndogo yenye mlio mkali), mbili zinaning'inia juu. Hizi za juu ndizo zinazobeba kila kitu, na fundi alizipanga kwa kamba ya katani: ncha moja katikati ya snea, nyingine kwenye maiki ya kulia, akafunga fundo, kisha akaipeleka kamba ileile kwenye maiki ya kushoto. Umbali ukilingana, mlio wa snea unafika kote kwa wakati mmoja. Usipolingana, snea inakonda na kuhamia upande mmoja, na kwenye kumiksi utahangaika nayo bure.

Kilichotusumbua zaidi ni umeme. Umeme wetu ni wa hertz 50, na gitaa lenye pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) za koili moja linaunasa kama mngurumo mzito usioisha. Tulizima taa zote za tyubu, tukawasha za sola, kisha mpiga solo akageuka taratibu akiwa na gitaa lake mpaka akapata upande ambao mngurumo unapungua. Akapiga albamu nzima akiangalia upande huo. Mvua ikianza kugonga bati tulikuwa tunasimama tu na kunywa chai.

Fedha za kumiksi na kumasta, yaani kuisawazisha sauti kwa mara ya mwisho, tulizipata kwa kamati, kadi za mchango zikachapwa kabisa kama za harusi, na mama yake mpiga besi akawa mweka hazina. Kila shilingi aliiandika kwenye daftari.

Kabla ya kutoa tulikaa tukaandika nani ametunga maneno, nani ametunga sauti, na kila mmoja ana asilimia ngapi kwa kila wimbo. Tukasaini wote. Jambo hili nalisisitiza kwa kila bendi changa, kwa sababu sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Watoto wenu watalikuta lile karatasi. Baada ya hapo ni BASATA, baraza la sanaa, ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kila rekodi kupata ISRC, namba yake ya utambulisho, yenye herufi na tarakimu jumla 12. Kwa Spotify, ukitaka wimbo ufikiriwe kwenye orodha zao, uwasilishe angalau siku 7 kabla haujatoka, kwa hiyo msitangaze tarehe kabla mafaili hayajafika.

Ila wasikilizaji wetu wa nyumbani wengi hawakutupatia huko. Walitupata kwenye vibanda vya Buzuruga na Kirumba, kwa wale vijana wanaojaza nyimbo kwenye memori na flashi. Tuliwapa nyimbo kadhaa bure, tukawaomba majina ya mafaili yasibadilishwe. Haikupita muda nikapanda daladala ya Igoma, nikakuta wimbo wa Mwaloni unapigwa na konda anaitikia.

Sasa tunataka kuvuka kwenda Bukoba kwa meli na vyombo vyetu vyote. Dramu zinalipiwa kama mzigo, na mweka hazina ameshafungua ukurasa mpya wa daftari kwa ajili ya hiyo safari.