Vitundu vya jiwe la matumbawe na mfupa uliovunjika

Marehemu ami yangu alikuwa mwashi wa Mji Mkongwe, na kila aliposhika jiwe la matumbawe alitazama vitundu vyake kwanza, kwa kuwa ndimo chokaa inamong'ang'ania. Ukuta wa zamani uliokandikwa saruji hakuupenda. Unyevu hukwama ndani, lipu ikabambuka. Nimemkumbuka nilipokuwa nikisoma juu ya viunzi vinavyopandikizwa pale mfupa ulipopoteza kipande.

Katika miaka ya 1970 watafiti wa Marekani waliyachukua matumbawe ya aina ya Porites, ambayo hata miamba yetu inayo, wakayageuza kwa joto, kanieneo na fosfati kutoka kalsiamu kaboneti hadi haidroksiapataiti, iliyo jamaa wa karibu wa madini ya mfupa, bila ya kuviharibu vitundu vyake. Walichokitaka hasa ni ule uwazi. Tundu likiwa chini ya maikromita 100 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) mishipa ya damu hupenya kwa shida, ilhali lililozidi 300 hupitisha mishipa midogo, na mfupa mpya huifuata, mradi vitundu vipitane, kwani chumba kisicho mlango hakikaliwi. Bei yake ni udhaifu: kadiri kinavyotobolewa, ndivyo kiunzi kinavyovunjika upesi.

Lililonishangaza zaidi ni kinga ya mwili, ambayo nilidhani kazi yake hapa ni kuleta matatizo tu. Seli za makrofeji, yaani seli za kinga zinazomeza uchafu na vijidudu, hufika mapema, huchochea uvimbe na kusafisha uchafu, kisha hubadili tabia na kuziita seli zinazojenga. Uvimbe ukizimwa mapema mno, mfupa huchelewa kuunga. Ukidumu, kovu hutanda. Makrofeji zikikutana na kitu kikubwa, chenye uso laini, kisichopenyeka, ambacho haziwezi kukimeza, huungana zikawa seli kubwa zenye viini vingi, na mwili hukizungushia kifuko cha nyuzi kana kwamba ni mgeni asiyeaminika.

Hapo ndipo penye utata. Majaribio katika moyo wa panya yalionyesha kwamba vitundu vya maikromita 30 hadi 40 hupunguza kovu hilo na kuzidisha mishipa, wakati mfupa unataka vikubwa zaidi ya hivyo mara kumi. Kwa hiyo wapo wanaotengeneza viunzi vyenye njia pana ambazo kuta zake zenyewe zimejaa vitundu vidogo, kama lilivyo jiwe la ami ukilivunja na kulitazama kwa karibu.