Kuendesha Baiskeli Bila Kutumwa

Mtu mzima akionekana juu ya baiskeli jijini Nairobi, wengi humhesabia kazi. Huyo atakuwa anapeleka mikate madukani, au anarejea kutoka zamu ya usiku katika Eneo la Viwanda, au amebana nauli kwa sababu mwisho wa mwezi bado uko mbali. Ni vigumu kwa mtazamaji kukubali kwamba mtu huyo ameamka Jumapili alfajiri, akajaza upepo magurudumu, akatoka nyumbani bila mzigo wala miadi, kwa sababu tu anapenda kuendesha. Mimi ni mmoja wa watu hao, na ninaandika haya kwa kuwa ninaamini kwamba mwendo huo usio na shughuli ni burudani kamili, inayostahili nafasi barabarani sawasawa na safari ya mwenye kazi.

Mazoea ya kuiona baiskeli kuwa chombo cha kazi hayakuzuka bure. Vizazi vya Wakenya viliifahamu kupitia ile iliyoitwa Black Mamba, nyeusi, nzito, yenye fremu ya chuma kitupu na breki za fito badala ya waya, na ndiyo iliyobeba maziwa hadi vituo vya kukusanyia, magunia ya mahindi hadi kwenye mashine ya kusaga, na wagonjwa hadi zahanati. Huko Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, baiskeli zilizovusha abiria kati ya vituo viwili vya mpakani ndizo zilizoleta jina la bodaboda, kabla pikipiki hazijarithi kazi hiyo pamoja na jina lake. Chombo cha namna hiyo kilinunuliwa kwa fedha za mavuno, kikafutwa vumbi kila jioni, na mtoto aliyekichukua bila ruhusa alijua kitakachompata. Hata hivyo watoto walikichukua. Kwa kuwa miguu haikufika, walipitisha mguu mmoja chini ya mtaimbo wa fremu na kukanyaga pedeli wakiwa wamejipinda upande, wakishuka mteremko huku wakipiga kelele za furaha. Kwa hiyo starehe ilikuwepo tangu zamani, ila ilikuwa ya kuibia.

Katika mitaa ya Eastlands mapenzi hayo yana biashara yake. Shule zikifungwa, kijana mwenye baiskeli chache za mitumba huziegemeza kwenye ukuta karibu na duka, na watoto hupanga foleni wakiwa wamefumbata sarafu. Malipo huhesabiwa kwa dakika au kwa raundi, na raundi yenyewe ina mipaka inayojulikana na wote: kutoka langoni hadi kwa muuza makaa, kuzunguka kibanda cha maji, kisha kurudi. Baiskeli zenyewe zimechoka. Moja haina breki ya mbele, nyingine tandiko lake limefungwa kwa vipande vya tyubu, na ya tatu imebakiwa na chuma cha katikati cha pedeli tu, ambacho mtoto hukikanyaga kwa uvungu wa mguu. Nimesimama mara nyingi kuwatazama. Mtoto wa miaka saba au minane huwapita wenzake akiwa wima juu ya pedeli, kwa kuwa akikaa miguu haifiki, na usoni ana umakini ambao mwalimu yeyote angeutamani darasani. Muda ukiisha mwenye baiskeli humwita, naye hujifanya hakusikia mpaka amalize kona moja zaidi. Hakuna aliyemweleza mtoto yule kwamba mazoezi hujenga moyo na mapafu. Anachotaka ni raundi nyingine.

Burudani yetu sisi watu wazima, kwa upande mwingine, imekuwa ya kukaa na kulipa. Jumamosi jioni hutukuta katika kumbi za kutazamia mpira wa Uingereza, au mbele ya sinia la nyama choma Burma au Kenyatta Market, au nyumbani tukipitisha kidole juu ya kioo cha simu hadi usingizi utuchukue. Siyakatai mambo hayo. Nyama nakula, na mpira naupenda. Lakini ninatambua kwamba katika starehe hizo zote mimi hubaki mtazamaji au mteja, na kwamba nikirudi nyumbani mwili wangu huwa haujafanya lolote la kuukumbusha kwamba upo.

Kwenye baiskeli, mji hujitokeza kwa namna ambayo matatu haiwezi kuuonyesha. Kwa mwendo wa kilomita 12 au 15 kwa saa, mtu huenda upesi kiasi cha kutoka mtaa mmoja hadi mwingine kabla ya kuchoka, na polepole kiasi cha kusalimiana na muuza magazeti bila kusimama. Husikia kwaya zikipasha sauti kabla ya ibada ya kwanza, hunusa mafuta ya mandazi yakianza kuchemka, na hujua ni kibanda kipi kimehama tangu juma lililopita. Hujifunza pia umbo la ardhi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, lakini si tambarare kama inavyoonekana dirishani mwa gari: ardhi huinuka kuelekea magharibi, ndiyo maana mito yake hutiririka kuelekea mashariki, na anayetoka Donholm kwenda Kikuyu hupanda karibu njia nzima. Mapaja huligundua jambo hilo bila kuhitaji ramani, na asubuhi ya kurudi hulifurahia.

Asubuhi moja katika Barabara ya Kangundo niliendesha sambamba na mzee aliyekuwa amebeba madumu manne ya maji, mawili kila upande wa gurudumu la nyuma. Tulisalimiana, akanitazama, akaitazama baiskeli yangu isiyo na kitu.

“Unaelekea wapi, kijana?”

“Natembea tu, mzee.”

“Bila mzigo?”

“Bila mzigo.”

Akakanyaga kwa muda bila kusema, kisha akasema hilo ni jambo jema, kwamba yeye tangu ujana wake hajapata kuipanda baiskeli pasipo kitu nyuma, na kwamba siku moja angependa kujua inakuwaje. Tuliachana kwenye njia panda. Nimeyafikiria maneno yake kuliko ushauri wowote wa kitaalamu niliowahi kusoma kuhusu zoezi hili, kwa sababu mtu aliyeijua baiskeli maisha yake yote alikuwa hajawahi kupewa nafasi ya kuifurahia, na si kwa kukosa mapenzi nayo.

Mtu akiniuliza pa kuanzia, jibu langu halibadiliki: Msitu wa Karura. Ni msitu wa hekta zipatazo 1,000 ndani ya jiji, wenye njia za udongo mwekundu zinazopita kati ya mikaratusi na miti ya kiasili, na baiskeli za kukodi zinapatikana kwa asiye na yake. Kwenye makutano ya njia kuna nguzo zenye namba, hivyo anayeogopa kupotea hana sababu ya kuogopa. Mgeni nampa tahadhari moja tu, kwamba baada ya mvua za Machi hadi Mei udongo ule hunata kwenye matairi mpaka gurudumu likatae kuzunguka, na wakati wa kiangazi vumbi lake jembamba huteleza kwenye kona. Njiani utawaona kima, na ukibahatika utawaona mbega weupe kwa weusi, ambao walirudishwa msituni humo kutoka kwingine. Nafika pale nikiwa na shukrani, maana msitu huo ulikaribia kugawanywa viwanja. Mnamo Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miti kupinga unyakuzi huo walishambuliwa, naye akajeruhiwa kichwani. Tuzo ya Nobel ya Amani aliyopewa mwaka 2004 inajulikana duniani kote, lakini kwangu mimi kazi yake naiona kila ninapokata kona chini ya kivuli cha miti ambayo isingekuwepo.

Aliyezoea anaweza kwenda mbali zaidi, kwa mfano kupitia Kiserian hadi Corner Baridi, mahali ambapo barabara ya Magadi huanza kuteremka katika Bonde la Ufa na upepo hubadilika ghafla kutoka baridi kuwa wa joto. Ila akumbuke kwamba kila mteremko alioufurahia atalipia wakati wa kurudi, na maji abebe ya kutosha.

Baiskeli yenyewe haihitaji kuwa ya gharama. Za mitumba zinatosha kabisa ikiwa mnunuzi atatazama mambo yanayostahili kutazamwa. Aigeuze baiskeli, azungushe kila gurudumu na kuangalia kama rimu inayumba kati ya breki. Apitishe kidole kwenye viungo vya fremu kutafuta ufa uliofichwa kwa rangi mpya. Kisha avute cheni kwa mkono, na kama inainuka sana kutoka kwenye meno ya mbele, ajue imelegea na itaharibu gia. Baada ya hapo atafute fundi wa mtaani mwenye karai la maji, yule anayezamisha tyubu na kufuata mapovu hadi tundu, akalikwaruza kwa msasa, akapaka gundi na kuipa muda ikauke kabla ya kubandika kiraka. Fundi anayeharakisha hatua hiyo ya kukauka si fundi wa kurudiwa.

Kuna wenzangu ambao hawatoki nyumbani kabla ya kuwasha programu ya simu inayopima kasi, mwinuko na mapigo ya moyo, na wakirudi hulinganisha takwimu zao na za watu wasiowahi kuonana nao. Naheshimu bidii yao. Nairobi ina fahari yake katika mashindano: Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa hapa mwaka 1985, na aliyemlea katika mchezo huo ni David Kinjah wa Kikuyu, ambaye amewafunza vijana wengi wasio na uwezo. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika, na nilifurahi kuona barabara za jirani zetu zimejaa watu pande zote mbili. Lakini nasikitika ninapomwona mtu amerudi kutoka Ngong akiwa na huzuni kwa kuwa namba zake zimeshuka, ilhali asubuhi ilikuwa nzuri, milima ilionekana yote, na mguu haukumuuma. Kipimo kimeichukua starehe yake na kumrudishia zamu ya kazi.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba starehe hii imeanza kuwa ya wachache. Njia salama ziko upande mmoja wa jiji. Mwenye gari hufunga baiskeli yake nyuma ya gari na kuipeleka Karura. Kijana wa Kayole anayetaka kwenda huko sharti apite Outer Ring kati ya malori na matatu kwanza, na mzazi wake hawezi kumruhusu. Kandokando ya Barabara Kuu ya Thika kuna njia za baiskeli, lakini pikipiki huzitumia kukwepa msongamano. Barabara ya juu ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2022, haituruhusu, na hilo si kosa, ila chini yake aliyeko kwenye baiskeli ameachiwa ukingo wa lami na mtaro. Kaunti ya Nairobi ilipata sera ya usafiri usiotumia injini mwaka 2015, iliyoahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Ahadi hiyo ikitimizwa, wa kwanza kufaidika hatakuwa mimi, bali yule mzee wa madumu.

Wakati tunasubiri ujenzi, lipo jambo lisilohitaji saruji. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, hufunga zaidi ya kilomita 120 za barabara kwa magari kila Jumapili na sikukuu, tangu saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, na utaratibu huo ulianza mwaka 1974. Kigali ilianza siku yake ya bila magari mwaka 2016, na sasa hufanyika Jumapili mbili kila mwezi. Nairobi inaweza kuanza na Barabara ya Jogoo. Ina pande mbili zilizotengana; upande mmoja, kutoka Uwanja wa City hadi Donholm, unaweza kufungwa Jumapili moja kwa mwezi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi, huku magari yakigawana upande wa pili wakati ambapo bado ni machache. Waumini watafika makanisani, matatu zitapita, na watoto wa Maringo, Jericho na Makadara watapata lami pana isiyo na lori hata moja. Majirani zangu kadhaa wameshasema watajitolea kusimama kwenye makutano kuongoza magari, na barua ya kuomba kikao na ofisi ya kaunti inayohusika na usafiri tumeanza kuiandika.