Injini Imefungwa, Haiwaki: Pima Kabla ya Kurudi Kwenye Hedi

Mbeya, Julai

Baridi ya mwezi huu huifanya injini iliyofunguliwa na kufungwa tena uani ionekane mbovu kuliko ilivyo. Asubuhi oili ni nzito, betri imechoka, starta inazunguka kwa shida na gari halishiki. Mafundi wengi hapo hapo hurudi kwenye silinda hedi, kile kipande cha juu cha injini chenye valvu. Inaniuma, kwa sababu gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, ikishabanwa hairudiwi, na mara nyingi kosa halikuwa humo ndani.

Nitashika mfano wa 1NZ-FE, injini ya Toyota IST na Probox, maana ndiyo imejaa kuanzia Uyole hadi Mbalizi.

Anza na umeme. Waya wa ethi unaounga injini na bodi husahaulika sana. Betri nzima na starta inavuta kivivu, tazama huo kwanza. Kisha soketi ya sensa ya kranki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Isiposhika vizuri, hakuna moto kwenye plagi wala petroli kwenye injekta, hata kama chuma chote kimefungwa sawasawa.

Halafu pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, na hapa nyanda za juu zina jambo lake. Kitabu cha injini hii kinataka psi 213 (psi ni kipimo cha mgandamizo). Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ina mgandamizo pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano. Silinda inabana hewa chache, kwa hiyo injini nzima kabisa hapa itasoma karibu psi 175. Anayelinganisha geji yake na namba ya kitabu bila kulijua hilo atanunua ringi za pistoni zisizohitajika. Mimi naamini zaidi tofauti kati ya silinda na silinda: ikizidi psi 14, pana tatizo. Toa plagi zote nne, chomoa soketi za koili na injekta, kanyaga mafuta hadi mwisho, betri iwe na nguvu. Silinda iliyo chini itie kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Namba ikipanda, ringi hazibani. Isipopanda, shaka ni valvu au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imevuja katikati yao.

Zote nne zikiwa chini kwa usawa, shuku taiming, yaani cheni inayooanisha kranki na kamshafti, shafti ya kufungua valvu. Zile pingili za rangi kwenye cheni hukutana na alama siku ya kufunga tu. Ukishazungusha zinahama, na hilo lisikutishe. Kinachohesabika ni alama za sproketi zenyewe, yaani gia zinazobeba cheni. Zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, ambayo ni mmoja wa kamshafti, uzitazame tena. Ukihisi kinagoma, simama. Usiisukume kwa starta, huenda pistoni imegusa valvu. Hakikisha pia pini ya kuzuia tenshena, kile kikaza cheni, imechomolewa. Ikibaki, cheni inalegea na kuruka meno.

Boliti za hedi hukazwa Nm 29, kisha huzungushwa nyuzi 90 (robo mzunguko), kisha nyuzi 90 nyingine, kuanzia katikati kwenda nje. Toki renchi nyingi, zile spana za kupima nguvu ya kukaza, zina vipimo viwili, Nm na futi-pauni, na anayesoma upande usio wake anakaza zaidi ya theluthi moja juu ya inavyotakiwa. Kosa baya zaidi ni kuacha oili au maji kwenye matundu ya boliti. Kimiminika hakibanwi: renchi inalia mapema wakati hedi haijakaa, au bloku inapasuka. Nyonya matundu yote, kausha, kisha paka nyuzi za boliti oili kidogo tu.

Silikoni, ile gundi ya kuzibia maungio, nayo ipakwe uzi mwembamba. Inayofurika ndani hukatika, ikashuka kwenye karta, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la pampu ya oili. Ndipo beringi mpya hufa mapema na lawama zikaenda dukani. Kabla ya kuwasha, weka oili lita 3.7 ukibadilisha na filta, kisha piga starta bila plagi, injekta zikiwa zimechomolewa, kwa vipindi vifupi, hadi taa ya oili izime.

Sasa thermostati, valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Kuna tabia ya kuitupa ili injini "ipoe". Kwa baridi hii injini hiyo haifikii joto lake, inakunywa petroli, na mvuke wa maji unabaki kwenye oili. Irudishe, kile kivalvu chake kidogo kikiwa juu ili hewa itoke. Cha kuogopa huku ni mfuniko wa rejeta uliochoka, maana bila mgandamizo maji yetu huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, wakati thermostati yenyewe huanza kufunguka kwenye 82. Nafasi ni ndogo, na mlima mkali wa Kitonga, Iringa, utaimaliza. Weka mfuniko mzima wa kiwango cha gari na kulanti (kimiminika cha kupozea injini), jaza injini ikiunguruma, hita ikiwa imefunguliwa kwenye moto, hadi mapovu yaishe na feni iwake yenyewe. Iache ipoe kabisa ndipo uongeze kilichopungua.