Volti moja tu inavyopotosha kipimo cha kiini cha atomu

Katika ISOLDE, kituo cha kuzalisha isotopu pale CERN, maabara ya fizikia karibu na Geneva, mwanafunzi anayepima isotopu za kalsiamu (aina za kalsiamu zenye uzito tofauti) haigusi leza akishaifunga kwenye masafa (frikwensi) yake. Anachobadilisha ni volti, kwa sababu volti huamua kasi ya ioni, na kasi hubadilisha masafa ya mwanga jinsi ioni zinavyouona. Ioni (atomu zilizopoteza elektroni) husukumwa kwa volti 30,000 hivi, zikapita sambamba na mwanga wa nanomita 393. Msukumo huo hubana tofauti za kasi baina ya ioni, ndiyo maana mstari, yaani masafa ambapo ioni huunyonya mwanga, hubaki mwembamba.

Basi volti ndiyo ya kuchunga kuliko kitu kingine. Kosa la volti 1 husogeza mstari kwa takriban megahezi 16. Tena isotopu hazisogei sawasawa, kwa sababu nyepesi hukimbia kuliko nzito: kosa la volti 10 huharibu tofauti kati ya kalsiamu-40 na kalsiamu-48 kwa megahezi kama 14, na tofauti hiyo ndiyo hutumika kukokotoa badiliko la nusu kipenyo cha kiini.

Rudia kalsiamu-40 kabla na baada ya kila isotopu nyingine. Kipimo kizuri zaidi: elekeza leza kwa nyuma ya ioni, kisha kwa mbele. Zidisha masafa hayo mawili. Jibu ni mraba wa masafa ya ioni iliyotulia, na volti haimo kabisa kwenye hesabu, mradi isiyumbe kati ya vipimo viwili.