Kidari kwenye pipa: majaribio manne hadi nyama ikakubali

Bucha la mtaani kwetu lina majina mawili tu ya nyama ya ng'ombe: steki na mchanganyiko. Steki haina mfupa. Mchanganyiko ni kila kilichobaki, kimepigwa shoka juu ya gogo mpaka hujui tena bega liko wapi na mbavu ziko wapi. Kidari huishia humo. Mradi wangu wa kupika kidari kizima kwa moshi ndani ya pipa ukaanzia hapo, kumwomba muuza nyama aweke shoka chini.

"Dada, kidari kizima unakipeleka wapi? Una shughuli?"

"Hapana. Nataka nikipike kwa muda wa saa tisa, kumi hivi."

Akamgeukia kijana wake. "Huyu anataka kupika makande."

Daftari la jikoni linaonyesha nilianza mwezi wa pili. Naandika hapa kwa kufuata daftari, pamoja na zile siku ambazo sikupenda kuziandika.

Kwa nini kidari

Ni nyama ya kifuani, katikati ya miguu ya mbele. Ng'ombe hana mtulinga kama sisi, kwa hiyo sehemu yake ya mbele imeshikwa na misuli, na misuli ya kidari inabeba mzigo huo kutwa nzima, akitembea na akisimama. Matokeo yake ni nyama iliyojaa kolajeni, zile nyuzi nyeupe ngumu zinazokushinda kutafuna. Ukiipika haraka utaibandua kwa meno kama ndala. Ukiipika taratibu kwa saa nyingi, kolajeni inayeyuka na kuwa jelatini. Anayejua supu ya kongoro inavyonata midomoni, huyo jelatini anaifahamu tayari. Jina tu ndilo geni.

Waliokifanya kidari kuwa kitu cha kupangiwa foleni ni watu wa Texas, hasa kwenye miji yenye mabucha ya wahamiaji wa Kijerumani na Kicheki. Pale Lockhart kuna nyumba ya nyama choma, Kreuz Market, iliyofunguliwa mwaka 1900, ambako kwa miongo mingi hukupewa sosi wala uma: nyama, karatasi, mikono yako. Nawaheshimu sana. Sosi yangu siiachi.

Pipa

Pipa la lita 200, lililowahi kubeba mafuta ya kula. Hili nililisisitiza hadi muuzaji akachoka nami, maana mapipa mengi yanayozunguka mjini yalibeba dawa na huwezi kuosha ukaamini. Fundi wa kuchomelea alilipasua kwa urefu, akaweka bawaba, miguu, na bomba la moshi upande mmoja. Wavu alitaka kunitengenezea wa chuma cha zinki kwa kuwa "hakishiki kutu, dada". Nikakataa. Zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wenye sumu. Tukaweka nondo za kawaida.

Kabla ya kupika chochote niliwasha moto mkubwa ndani yake, saa mbili nzima, kuunguza rangi na mabaki. Jirani akaja na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua.

Mpangilio ni huu: mkaa upande mmoja, nyama upande wa pili chini ya bomba, na sufuria ya maji katikati. Nyama haioni moto. Inaona joto na moshi tu.

Jaribio la 1: Jumamosi, kilo 2

Sina hamu ya kueleza sana. Sikuwa na kipimajoto, nilipima kwa kiganja. Nilisikia mahali kwamba magogo yanalowekwa, nikaloweka ya mwembe usiku kucha. Pipa likatoa moshi mweupe mzito kama treni, na mimi nikafurahi kabisa nikiamini ndiyo ladha inaingia. Baada ya saa nne nikatoa nyama nyeusi, chungu, inayoacha utando kwenye ulimi. Mume wangu alikula vipande viwili, akaomba maji, akasema imejitahidi.

Moshi mweupe ni kuni inayofuka bila kuwaka vizuri. Unaoutaka ni mwembamba, wa kibuluu, ambao wakati mwingine huuoni kabisa mpaka uangalie ukutani kivuli chake kikicheza. Kuni iwe kavu. Mwembe na mpera zote zimenifaa. Mpera ni mtamu zaidi lakini unaupata wapi kila siku? Mwarobaini usiguse.

Jaribio la 2: kipimajoto, na mgomo

Nikaenda Kariakoo nikanunua vipimajoto viwili, kimoja cha kuchoma ndani ya nyama na kingine cha kutundika kwenye wavu. Nyama niliiweka saa 12 asubuhi, pipa likiwa kwenye nyuzi 120. Saa 2, nyama nyuzi 45. Saa 3, nyuzi 59. Nikaanza kupiga hesabu za kula saa 6 mchana. Saa 4, nyuzi 68.

Saa 5, nyuzi 68.

Saa 6, nyuzi 68. Nikakigonga kipimajoto. Nikakitumbukiza kwenye maji yanayochemka, kikasoma vizuri. Wageni wawili walishafika. Basi nikafanya kosa ambalo naamini kila anayeanza hulifanya: nikamimina mkaa. Pipa likapanda hadi 190, nyama ikaungua nje na ndani ikabaki ngumu vilevile. Juu yake nilikuwa nimeshaipaka sosi tangu asubuhi, na sosi ina sukari, kwa hiyo ikageuka lami. Tuliagiza chipsi.

Usiku huo ndipo nikasoma kuhusu ule mgomo. Mwanafizikia Mmarekani, Greg Blonder, aliupima akaonyesha kwamba nyama inatoka jasho: maji yanapanda juu, yanakauka kwa joto la pipa, na kule kukauka kunaipoza nyama kwa kasi ileile inayopashwa. Joto linaingia, joto linatoka, sindano haisogei. Nilicheka peke yangu. Nimekulia kwenye nyumba yenye mtungi wa udongo uliopoza maji bila umeme, kwa sababu udongo ulitoa jasho na upepo ukalikausha. Kumbe kidari changu kilikuwa mtungi.

Mgomo huja kati ya nyuzi 65 na 75, na unaweza kukaa saa nyingi. Dawa zake ni mbili. Uvumilie, maana wakati huohuo kolajeni inaendelea na kazi yake. Au uifunge nyama, jasho likose pa kwenda.

Katikati ya hapo: sosi

Mvua za masika zilinifungia nje ya pipa karibu mwezi mzima. Nikahamia jikoni.

Sosi ya choma ya Kimarekani mnayoijua kwenye chupa ni nyanya, siki, na sukari yenye molasi. Ya dukani kwetu naiona tamu kupita kiasi, kama jemu iliyokosa mkate. Nilianza kwa kuiga, nikatupa sufuria mbili, kisha nikaacha kuiga.

Ninayoitumia sasa: kilo 1 ya nyanya zilizoiva kabisa, zimechovywa maji ya moto na kumenywa. Kitunguu maji kimoja kikubwa, kaanga kwa mafuta kidogo mpaka kiwe kahawia kweli, usikimbilie. Kitunguu saumu punje sita. Kijiko kidogo cha binzari nyembamba na kijiko kikubwa cha pilipili manga iliyosagwa nusunusu. Nyanya ziingie, zichemke bila kifuniko kwa saa nzima. Halafu gramu 150 za sukari guru, robo kikombe cha siki, vijiko vinne vikubwa vya ukwaju mzito uliochujwa, kijiko kidogo cha unga wa haradali, chumvi. Pilipili mbuzi moja nzima inaogelea humo bila kupasuliwa, natoa mwishoni. Ikipasuka, basi hiyo ni sosi ya watu wazima. Nusu saa nyingine, kisha saga na uchuje.

Ukwaju ndio ulioiokoa. Siki peke yake inakwaruza koo, ukwaju una uchachu wenye mwili. Na wala si uswahili niliouingiza kwa nguvu: ile sosi ya Worcestershire ambayo mapishi mengi ya Kimarekani huitaja, yenyewe imetengenezwa kwa ukwaju ndani yake. Sukari guru nayo inakaa mahali pa molasi bila kuomba ruhusa, kwa kuwa molasi yake haijatolewa.

Chupa moja iko kwenye friji wiki ya tatu sasa, inazidi kuwa nzuri.

Jaribio la 3: laini, lakini kavu

Safari hii nilifunga. Nyama ilipofika nyuzi 70 na ngozi yake ya nje kuwa nyeusi-kahawia, niliizungushia foili, nikaongeza vijiko vitatu vya maji, nikairudisha. Ikapanda bila ubishi hadi 95. Kisu kikaingia kama kwenye siagi upande mmoja, ule mnene. Upande mwembamba ulikuwa umekauka, unavunjika kama biskuti. Na ile ngozi nzuri ya nje ikawa imelowa ndani ya foili.

Baba mkwe alikuwepo. Ni mtu wa Shinyanga, amekaa na ng'ombe umri wake wote, na kwake nyama si jambo la mzaha. Alikula polepole, akakikagua kipande kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, hii ni mitamba hii. Haina kitu."

"Ningechukua ipi, baba?"

"Maksai. Tena aliyekaa. Na huyo wa bucha mwambie asikwangue mafuta."

Hapo ndipo nilipoona kosa langu la muda wote. Nilikuwa napika kwa ratiba za watu wenye kidari cha kilo 6 au 7, cha ng'ombe aliyelishwa nafaka hadi mafuta yakaingia katikati ya nyuzi. Wetu wengi ni Zebu wa asili, wadogo, waliotembea. Kidari chake kikitolewa mifupa ni kilo 3 ukibahatika, na mafuta yake yako juu, ndiyo hayohayo muuza nyama anayoyakwangua akidhani ananifanyia hisani. Halafu nyama yetu imechinjwa alfajiri Vingunguti na mchana iko jikoni, haijapumzika hata kidogo. Maksai, kwa kuwa amehasiwa, hunenepa. Baba mkwe alisema kwa sentensi mbili kitu ambacho mimi nilikitafuta miezi mitatu.

Jaribio la 4: kilo 3.4

Muuza nyama alinipigia simu mwenyewe, Jumatatu. "Dada makande, maksai ameingia." Nilikikuta kidari kimetundikwa kwenye kulabu, kizima, na mafuta yake unene wa kidole.

Siku nne kwenye friji, bila kufunikwa kabisa juu, kwenye sinia. Ijumaa jioni chumvi gramu 34 na pilipili manga nyingi. Basi. Viungo vingine vyote viko kwenye sosi.

Saa 12 asubuhi, pipa nyuzi 115, mkaa na vipande viwili vya mpera. Mafuta yameangalia upande wa moto. Saa 4 na nusu, nyuzi 69, mgomo. Sikugusa mkaa. Nilifua. Saa 6 ngozi ya nje ilikuwa imekaza, ukiikwaruza kwa kucha haitoki, ndipo nikaifunga, na safari hii kwa karatasi ya kaki isiyo na nta, tabaka mbili. Karatasi inapumua, inazuia jasho la kutosha kuvunja mgomo lakini haiilowanishi ngozi.

Saa 9 alasiri nyuzi 93, nikachoma kijiti cha mishkaki. Upande mnene kiliingia, mwembamba kikasita. Saa 9 na dakika 40 kikaingia kote bila kusukumwa. Kipimajoto kilisema 96, lakini ningeitoa hata kingesema 92. Kijiti ndicho kinachojua.

Kisha hotpoti. Ile kubwa ya pilau ya wageni, nikaizungushia na khanga mbili juu. Ikakaa humo kwa saa mbili. Nilipofungua nyama ilikuwa bado nyuzi 64, na chini pamejaa mchuzi, ambao niliuchanganya na sosi ikiwa motoni. Sosi ikawa kitu kingine.

Kukata: kingamana na nyuzi, unene wa penseli. Nyuzi za kidari zinabadilisha mwelekeo katikati, kwa hiyo ukifika kwenye sehemu nene geuza nyama. Mimi nilisahau, vipande vinne vikawa kamba.

Wifi alikataa kula. Chini ya ngozi nyeusi nyama ina mstari wa waridi, na kwake waridi ni mbichi, hakuna mjadala. Nilimweleza kwamba ni gesi ya moshi iliyoshikana na rangi ya nyama, kwamba katikati kabisa ni kahawia, kwamba imekaa motoni saa tisa na ushee. "Saa tisa na bado mbichi?" Akala wali na sosi, akarudia sosi mara tatu. Baba mkwe, ambaye magego yamemtoka, alikula bila kisu, hakusema neno, akasogeza sahani mbele iongezwe.

Yaliyobaki

Mlango wa pipa unavuja kwenye bawaba. Fundi ameahidi kuja, ameahidi tangu Jumanne. Nataka kujaribu kidari cha ng'ombe wa aina ya Boran, wa ranchi, nione kama upande mwembamba utakaa sawa bila kubembelezwa. Sosi nitapunguza sukari guru hadi gramu 120.

Na muuza nyama ameanza kuandika "kidari kizima" kwenye daftari lake la oda. Wateja wawili wengine wamekiulizia, anasema. Kimepanda shilingi 1,000 kwa kilo, na mimi ndiye niliyetangulia kulipa.