Nilivyopata ukarani kwa wakala wa forodha Tanga

Tangazo lilinifikia kwenye kundi la WhatsApp: wakala wa forodha anatafuta karani wa kupokea na kutoa mzigo, mwenye stashahada na anayejua kompyuta. Kwa mji wetu huu, tangazo la namna hiyo huombwa na kila mwenye cheti. Yangu ni stashahada ya uhasibu, na bandarini sikuwahi kufanya kazi hata siku moja. Nikaona kabla ya kugusa kalamu niijue kazi yenyewe.

Baba mdogo ana rafiki yake, karani mstaafu, jioni humkosi barazani Ngamiani na kahawa yake na kashata. Nilimwamkia, nikaeleza shida yangu. Badala ya kunijibu, akaniuliza.

"Binti, robota la katani lina kilo ngapi?"

"Sijui, mzee."

"Mia mbili na hamsini. Manne ndiyo tani. Karatasi ikikwambia lori lina tani thelathini, nawe umehesabu marobota mia na kumi, usisaini. Kumi hayapo."

Akaendelea hadi adhana ya magharibi. Zamani meli zilitia nanga nje, mzigo ukashushwa kwenye matishari, yale mashua bapa ya kubebea mzigo, ndipo uletwe gatini. Sasa kina kimechimbwa kufikia mita 13 na gati lina urefu wa mita 450, meli inakuja kufunga yenyewe. Kwa karani, alisema, maana yake ni kwamba ile nafasi ya kurekebisha makaratasi wakati tishari liko njiani haipo tena.

Barua yangu ilikuwa nusu ukurasa. Yale ya "mimi ni mchapakazi, ninajituma" niliyaacha, maana hata mvivu huyaandika. Nilieleza kwamba nilipokuwa fildi nilikuwa nalinganisha leja ya stoo na mzigo uliomo kila Ijumaa, na nikaandika jinsi nilivyofuatilia mifuko ya saruji iliyopungua hadi ikaonekana kwenye hati ya kutolea ambayo haikuingizwa. Nikamalizia kwa kusema kazi hiyohiyo ndiyo naiomba kwao, ila kwa mzigo wa meli. Steshenari waliniskania barua, wasifu na vyeti vikawa faili moja, faili nikaliita kwa jina langu na jina la kazi. Wadhamini niliwapigia simu kwanza, wasije wakaulizwa habari zangu wakashtuka.

(Kuna tangazo jingine wiki hiyohiyo lilitaka utume pesa ya fomu. Hilo nililifuta.)

Siku ya usaili nilivaa gauni refu, mtandio na viatu vya kufunika, nikawahi. Walikuwa watatu mezani. Maswali ya kujieleza yalipita upesi. Kisha mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote akanisogezea hati ya gari la katani: marobota 96, tani 25. Akasema, "Haya mwanangu, ingekuwa wewe ungefanyaje?" Nikapiga hesabu pembeni ya karatasi. Marobota 96 ni tani 24. Nikamwambia nisingesaini, ningehesabu upya mbele ya dereva, na kama idadi ni ileile, ningeandika tofauti kwenye hati, dereva naye asaini, ndipo nimpigie msimamizi. Akaichukua karatasi yake bila neno, ila niliona ameandika kitu.

Mwisho wakauliza nataka mshahara gani. Nilikuwa nimeshadadisi kwa wanaofanya kazi hizo, nikataja kiwango, nikauliza kama wao wanahesabu kabla ya makato au baada. Mkubwa wao akacheka, akasema kabla. Nikaomba pia kujua kama michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanapeleka, asilimia 10 yangu na 10 yao. Akasema wanapeleka kila mwezi, na namba yangu ya uanachama nije nayo Jumatatu.