Nilivyoandika projekti ya mwaka wa nne kuhusu Migingo

Projekti ya mwaka wa nne ndiyo huwakosesha usingizi wanafunzi wengi wa siasa na uhusiano wa kimataifa, na mara nyingi huwa imeshaharibika tangu wiki ya kwanza, kwenye swali. Mimi nilichagua mzozo wa Migingo, kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria kinachogombewa na Kenya na Uganda. Kwa anayesomea Maseno au Kisumu mjini, mada hii ina faida kubwa: hati zake ni chache na zinapatikana bure, nao wavuvi inaowagusa wako ufuoni, mwendo wa matatu tu.

Wengi huanza na "Migingo ni ya nani?" Swali hilo lina jibu tayari, kwa hiyo halikupi kurasa arobaini. Amri ya serikali ya Uingereza ya 1926 ilitaja mpaka wa ziwani kisiwa kwa kisiwa. Kutoka latitudo ya digrii 1 kusini, mstari unapanda kaskazini hadi ncha ya magharibi kabisa ya kisiwa cha Pyramid, unaendelea hadi ncha kama hiyo ya Ilemba, Kiringiti na Mageta, kisha unakata kuelekea Sumba na kuishia kwenye mdomo wa mto Sio. Jedwali la Pili la Katiba ya Uganda ya 1995 linaueleza mpaka kwa njia iyo hiyo.

Usinukuu tu, chora. Fungua Google Earth, weka alama kwenye ncha ya magharibi ya Pyramid na nyingine Ilemba, unganisha, halafu pima umbali hadi Migingo. Jiwe hilo la kama nusu ekari linaangukia mashariki ya mstari, upande wa Kenya, kwa karibu nusu kilomita. Ukitia alama katikati ya kisiwa badala ya ncha yake, mstari wote unahama na kipimo chako hakifai kitu, kwa sababu hapa tunazungumzia mita mia chache. Piga picha ya skrini, ichapishe kwa rangi, uiweke kama kiambatisho cha kwanza. Wasimamizi wengi hawajawahi kuuona mstari huo ukichorwa.

Swali lililonifaa likawa hili: kwa nini mzozo umedumu ilhali mpaka unajulikana? Mei 2009 Rais Museveni alisema kisiwa kiko Kenya ila maji ni ya Uganda. Hapo ndipo penye kazi. Madai ni mawili, la mwamba na la maji, na karibu kila insha niliyoisoma iliyachanganya. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, huku sangara, yaani mbuta, wakiwa wengi katika maji ya ndani zaidi. Mvuvi anayetoka upande wetu anaufikia mstari upesi sana.

Kuna kosa moja la kisheria ambalo hupunguza alama bila huruma: kuleta Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 na maili zake 12 za maji ya pwani. Mkataba huo ni wa bahari. Ziwa hugawanywa kwa makubaliano au hati za mpaka, basi. Kesi ya Somalia na Kenya iliyoamuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, tarehe 12 Oktoba 2021 ilihusu Bahari Hindi, kwa hiyo haiwezi kuhamishiwa Migingo, hata kama majaji na hoja vinafanana kwa mbali.

Kwenye sura ya usuli utakutana na hoja kwamba Kisumu yenyewe ilikuwa Uganda. Ni kweli: jimbo la mashariki la Uganda lilihamishiwa himaya iliyokuja kuwa Kenya mwaka 1902, miezi michache tu baada ya reli kufika hapa. Lakini azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Cairo, Julai 1964, liliagiza nchi ziheshimu mipaka zilizoikuta wakati wa uhuru. Hivyo mstari unaohesabika ni wa 1926. Ukiandika hivyo kwa aya moja, umeokoa kurasa sita za historia zisizojibu swali.

Kumbukumbu zangu niliziweka kwenye jedwali la safu nne: dai, aliyelitoa, tarehe, hati. Kila safu ya nne iliyobaki tupu ilimaanisha dai haliingii kwenye uchambuzi. Gazeti nililitumia kuthibitisha kwamba kauli ilitolewa, kamwe si kuthibitisha mpaka ulipo. Safu hiyo ya nne iliniondolea karibu theluthi ya rasimu ya kwanza, na nashukuru.

Nadharia ndiyo inayoua projekti nyingi kimyakimya. Mtu anaeleza uhalisia (dola hufuata nguvu) na uliberali (taasisi huleta ushirikiano) kwenye sura ya pili, kisha sura ya nne inaendelea kana kwamba hakuzisoma. Nilichofanya ni kuilazimisha kila nadharia itabiri jambo linaloweza kukaguliwa. Kwa uhalisia, mwenye polisi kisiwani hatatoka bila kulazimishwa. Kwa uliberali, taasisi za pamoja zitapunguza gharama ya mzozo, na hapa ushahidi uko jirani: Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ina makao yake papa hapa Kisumu, na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria liko Jinja. Halafu unauliza utabiri upi ulitimia. Kwa maoni yangu kila mmoja ulitimia nusu: taasisi zilizuia mapigano, lakini hazikumaliza suala la polisi kisiwani.

Mahojiano nilifanya 12, si hojaji 100. Hojaji yenye "nakubali sana" na "sikubali" haikwambii kitu kuhusu enzi ya dola, yaani mamlaka yake juu ya eneo. Usimuulize mvuvi maneno hayo pia. Uliza: ukishikwa ziwani, unashikwa na nani? Unalipa nini? Ulipewa risiti, na juu yake pameandikwaje? Risiti moja yenye nembo ya serikali ina uzito kuliko maoni ya watu ishirini. Ficha jina na namba ya leseni kabla ya kuipiga picha.

Anza kwa mwenyekiti wa BMU, kamati ya usimamizi wa ufuo, ukiwa na barua ya idara. Bila yeye, ufuo wa Dunga au mwingine wowote utanyamaza. Wavuvi wa omena huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki, kwa hiyo wengi hupumzika siku za mwezi mpevu. Tazama kalenda ya mwezi kabla ya kupanga tarehe. Hoji kwa Kiswahili au Dholuo, uandike neno la mhojiwa lenyewe kisha tafsiri chini yake.

Sura ya mapendekezo usiandike "waende The Hague" ukaishia hapo. Mwaka 2021 Kenya iliondoa tamko lake la kukubali mamlaka ya lazima ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa hiyo njia iliyo wazi zaidi ni nchi zote mbili kutia saini makubaliano maalumu ya kuipeleka kesi. Mfano upo: Botswana na Namibia zilifanya hivyo 1996 kuhusu kisiwa cha Kasikili au Sedudu mtoni Chobe, na hukumu ya Desemba 1999 ikaipa Botswana. Jopo lililosikiliza utetezi wa projekti yangu liliniuliza hapo hapo kwa nini Uganda ikubali kwenda kushindwa. Nilijibu kwa kugawa madai mawili: iachie mwamba, na makubaliano yaipe Uganda kitu inachokitaka kweli, yaani utaratibu wa pamoja wa leseni za uvuvi kuzunguka kisiwa. Walitaka niandike hilo kwa aya mbili zaidi kabla ya kufunga jalada.